Mota Katika Anga ya Elisabethville

Mwanzoni mwa Desemba 1961, katikati ya msimu wa mvua, mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulikuwa na majeshi mawili yanayotazamana mtaa kwa mtaa. Upande mmoja walikuwa askari wa Umoja wa Mataifa, ambao wakazi waliwaita kwa kifupi ONU: Wahindi, Waethiopia, Waswidi na Waayalandi. Upande wa pili walikuwa majandarme wa Katanga, jeshi la Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo lililojitenga na Kongo, pamoja na mamluki wa Kizungu. Majeshi yote mawili yalikuwa na mota. Vita vilipolipuka tarehe 5, makombora yakaanza kuruka juu ya mapaa kutoka kila upande, na kwa muda wa wiki mbili baadhi yake yaliangukia mahali ambapo hapakuwa na askari: hospitalini, majumbani, barabarani.

Mota huonekana silaha rahisi. Kuimudu ni kazi nyingine. Historia yake katika mji huu wa shaba, tangu enzi ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, hadi leo, ni historia ya mafunzo: nani alifundishwa nini, kwa muda gani, na nani alimpima kabla ya kumkabidhi kombora. Maswali hayo matatu yanaeleza mengi ya yaliyotokea Elisabethville, kuliko hata aina ya chuma kilichotumika.

Silaha yenyewe ilizaliwa katika mahandaki ya Ulaya. Januari 1915 Wilfred Stokes, mhandisi Mwingereza aliyeongoza kiwanda cha winchi na kreni mjini Ipswich, alibuni mtutu laini wa inchi 3 uliokaa juu ya bamba la chuma na kuegemea miguu miwili. Kombora lilidondoshwa kwa mkono kutoka mdomoni mwa mtutu, likateleza hadi chini, likagonga pini na kufyatuka kurudi juu. Kufikia mwaka 1917 Stokes ilikuwa imeshafika Afrika Mashariki, mikononi mwa vikosi vya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, vilivyokuwa vikimwinda kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck. Baada ya vita Mfaransa Edgar Brandt aliiboresha. Kombora lake lilikuwa na umbo la tone na mapezi mkiani, mtutu ulikuwa wa milimita 81, na silaha nzima, yenye uzito wa karibu kilo 60, iligawanyika kuwa mizigo mitatu ya kubebwa na watu. Toleo la Brandt la mwaka 1927, lililorekebishwa mwaka 1931, lilifikia karibu kilomita 3. Majeshi mengi yalilinunua au kuliiga, na mota nyingi za leo ni vizazi vyake.

Kinachoitenga mota na bunduki ni kwamba anayeipiga haoni anachokipiga. Kombora linapanda juu sana, linapita juu ya kilima, mti au ghorofa, kisha linashuka karibu wima. Kwa hiyo kazi inagawanywa kwa makundi matatu. Mwangalizi yuko mbele, juu ya mti, kilimani au ghorofani, na ndiye macho. Mkokotoaji yuko na ramani na majedwali, anageuza maneno ya mwangalizi kuwa nyuzi za mtutu na idadi ya pakiti za baruti zinazofungwa mkiani mwa kombora. Kikosi cha mtutu kinaweka nyuzi hizo, kinahesabu pakiti na kudondosha. Mwangalizi akisoma ramani vibaya, mkokotoaji akikosea tarakimu moja, au mpigaji akisahau pakiti moja ya baruti, kombora litaanguka mahali pengine kabisa. Na hata watu wote watatu wakifanya kazi bila kosa, makombora kumi ya shabaha moja hayaangukii shimo moja. Yanatawanyika katika eneo la makumi ya mita.

Ndiyo maana suala la nani anajua hesabu lilikuwa na uzito wa pekee katika Kongo ya Wabelgiji.

Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka huohuo Wabelgiji waliunda kikosi cha Troupes du Katanga ili kulinda mipaka ya jimbo na migodi yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza Force Publique ilivuka hadi Afrika Mashariki ya Kijerumani chini ya Jenerali Charles Tombeur, mtu aliyekuwa na historia ya utawala Katanga, na tarehe 19 Septemba 1916 ikaingia Tabora. Askari wa Kikongo walipata sifa ya ustahimilivu. Nyota za afisa hawakuzipata.

Mpangilio huo ulibaki vilevile katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 vikosi vya Force Publique vilisafiri maelfu ya kilomita, kwa mto, reli, malori na miguu, kwenda kupigana na Waitalia magharibi mwa Ethiopia. Vilikuwa na mota za Stokes-Brandt za milimita 81 na mizinga midogo ya milimita 70. Asosa ilianguka tarehe 11 Machi, Gambela tarehe 23 Machi, na tarehe 3 Julai Jenerali Pietro Gazzera akasalimu amri huko Saio pamoja na maelfu ya askari wake. Mtu aliyebeba bamba la chini la mota kupanda milima ile alikuwa Mkongomani. Aliyesimamia ramani na kuamua kombora liende wapi alikuwa Mbelgiji, kwa sababu uafisa wote ulikuwa wa Wabelgiji.

Hali hiyo ilidumu hadi mwisho. Mwaka 1960 Force Publique ilikuwa na karibu askari 25,000 na maafisa wa Kizungu karibu 1,000, bila afisa hata mmoja Mkongomani. Kuruta alijiandikisha kwa miaka 7, akajifunza amri kwa Kilingala, akajua gwaride, bunduki na nidhamu. Angeweza kuwa stadi wa kufunga na kufungua mota akiwa amefumbwa macho, na bado hesabu ikabaki ya mtu mwingine. Jeshi la namna hiyo hufanya kazi maadamu yule mwingine yupo.

Julai 1960 aliondoka. Siku chache baada ya uhuru, Jenerali Émile Janssens, kamanda wa Force Publique, aliwaambia askari wake kwamba kwao mambo yatabaki kama yalivyokuwa kabla ya uhuru, na uasi ukaenea kambi kwa kambi. Tarehe 9 Julai ulifika Camp Massart, kambi kubwa ya Elisabethville. Wazungu kadhaa waliuawa usiku ule, akiwemo naibu konseli wa Italia. Kesho yake makomando wa Kibelgiji walishuka kutoka kituo cha Kamina na kuwanyang'anya askari silaha. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Nchi mpya ilihitaji jeshi jipya, na haraka. Wengi wa askari wa zamani wa Camp Massart walifukuzwa kwa kuwa hawakuaminika. Meja Jean-Marie Crèvecoeur, Mbelgiji, alipewa kazi ya kuunda jandarmeri ya Katanga, na vijana wakaandikishwa kwa maelfu. Wakufunzi walikuwa maafisa wa Kibelgiji, na mwaka 1961 wakaja mamluki, baadhi yao Wafaransa waliopigana Indochina na Algeria, kama Roger Faulques. Silaha zilipatikana kwa urahisi kuliko mafunzo. Kijana anaweza kufundishwa kudondosha kombora mtutuni kwa siku chache. Kumfanya mwangalizi au mkokotoaji huchukua miezi ya darasa, ramani na mazoezi ya kurudia, na miezi hiyo Katanga haikuwa nayo.

Tofauti hiyo ilionekana Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kilomita 120 hivi kutoka Elisabethville. Septemba 1961 kompani A ya kikosi cha 35 cha Ayalandi, watu zaidi kidogo ya 150 chini ya Kamanda Pat Quinlan, ilitumwa huko kuwalinda walowezi. Quinlan aliwaamuru watu wake wachimbe mahandaki mapema. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa ulianza Operesheni Morthor dhidi ya Katanga mjini Elisabethville, majandarme waliwashambulia wakati wengi wao wakiwa kwenye misa.

Majandarme walikuwa wengi mara nyingi zaidi. Walikuwa na mota za milimita 81, zenye masafa marefu, na mzinga wa Kifaransa wa milimita 75. Waayalandi walikuwa na mota ndogo za milimita 60. Kwa hesabu ya chuma peke yake, mapambano yangekwisha siku ya kwanza. Lakini watu wa Quinlan walikuwa na waangalizi waliojua kusoma moshi wa mtutu na umbali wake, na wapigaji walioweza kusahihisha shabaha kwa makombora machache. Mota zao ndogo zilinyamazisha nyingi za mota za majandarme, pamoja na mzinga ule. Nje ya mji, kikosi kilichotoka Elisabethville kuwaokoa kilikwama kwenye daraja la Lufira. Kompani hiyo ilisalimu amri tarehe 17 Septemba, risasi na maji yakiwa yamekwisha. Ilikuwa na majeruhi, ila hakuna aliyekufa.

Usiku wa siku hiyohiyo ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola alipokuwa akienda kuonana na Tshombe. Usitishaji wa mapigano uliofuata ulidumu miezi miwili na nusu.

Mapigano ya Desemba yalianza kwenye kizuizi cha barabarani. Tarehe 5 majandarme walikuwa wameifunga njia kati ya makao ya ONU na uwanja wa ndege. Gurkha wa jeshi la India, kikosi cha 3/1 Gorkha Rifles, wakisaidiwa na mota za inchi 3, walikishambulia kizuizi hicho. Kapteni Gurbachan Singh Salaria alitokea upande wa uwanja wa ndege na kikundi kidogo ili kuwakata waliokuwa wakirudi nyuma, akauawa. India ilimpa Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa.

Kwenye kizuizi kile mota ilifanya kazi yake kama vitabu vinavyotaka: shabaha moja, inayoonekana, ya kijeshi, na askari wake wenyewe wako umbali unaojulikana. Siku zilizofuata hali haikuwa hivyo tena. Majandarme na mamluki walipandisha mota kwenye magari, wakapiga makombora machache kutoka kwenye kona ya mtaa, kisha wakaondoka. Kombora la mota hukaa hewani hata nusu dakika, na mwangalizi anahitaji muda wa kuona, kutoa taarifa na kungoja hesabu. Jibu la ONU lilipofika, kwenye kona ile mara nyingi palikuwa pamebaki wenye nyumba tu. Tarehe 8 Desemba kombora la mota lilimuua askari wa Ayalandi. Kila kifo cha namna hiyo kilizidisha shinikizo la kujibu, na kila jibu lilikuwa na uwezekano wa kuanguka pasipotakiwa.

Mvua ilichangia. Udongo mwekundu wa Katanga unapolowa hulegea, na bamba la chini huzama kidogo kidogo kila kombora linapofyatuka. Mtutu hubadili mwelekeo bila aliyeushika kuona. Kikosi kilichofundishwa vizuri hulijua hilo: hupiga makombora ya kwanza ya kukaza bamba mahali pasipo na madhara, hukagua darubini ya shabaha kila baada ya muda mfupi, na hufunika pakiti za baruti zisilowe, kwa maana baruti yenye unyevu huangusha kombora karibu. Katika nafasi ya wazi kosa la mita 100 hufukua shamba. Katika mji ambao majengo ya serikali, viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière, nyumba za wafanyakazi na hospitali vimekaribiana, mita 100 ni kutoka kambini hadi wodini.

Hospitali zilipigwa. Hospitali ya Shinkolobwe, ndani ya mji, iliangukiwa na makombora ya mota, na mashahidi waliyahusisha na ONU. Madaktari 46 wa kiraia wa Elisabethville walituma simu za malalamiko nje ya nchi, na mwaka 1962 wakachapisha kijitabu kikali wakiishutumu ONU kwa kupiga hospitali, magari ya wagonjwa na nyumba za raia. Kijitabu hicho kilisambazwa sana na marafiki wa Katanga huko Ubelgiji na Marekani. ONU ilijibu kwamba wapiganaji wa Tshombe walikuwa wakiweka silaha zao karibu na majengo ya kiraia, na kutumia vibaya alama ya Msalaba Mwekundu.

Madai yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo mafunzo yanapopimwa. Adui akijificha kando ya hospitali, mwangalizi aliyefunzwa ana njia tatu: kusogea hadi aone vizuri, kuomba silaha nyingine, au kutopiga. Mwangalizi asiyefunzwa ana njia moja. Tarehe 13 Desemba mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, Georges Olivet, aliuawa pamoja na wenzake wawili wakiwa katika gari la wagonjwa. Mota haikuhusika hapo, ila kosa lilikuwa la jamii ileile: silaha ilifyatuliwa kabla ya aliyeishika kuhakikisha nani yuko mbele yake. Umoja wa Mataifa baadaye ulilipa fidia kwa Kamati hiyo.

Pembeni mwa haya yote kulikuwa na kambi ya Waluba, makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokimbilia ulinzi wa ONU tangu Septemba na kuishi katika vibanda vya turubai na maboksi. Hakuna jedwali la hesabu za mota linaloonyesha kambi ya wakimbizi. Kuijua ni kazi ya mwangalizi na afisa wake.

Tarehe 16 Desemba Waayalandi wa kikosi cha 36 waliteka handaki la reli, lililokuwa mlango wa kuingilia katikati ya mji. Siku chache baadaye Tshombe alitia saini makubaliano ya Kitona ya kumaliza kujitenga. Hata hivyo Katanga iliendelea kusuasua mwaka mzima, hadi Operesheni Grandslam ya ONU ilipoanza tarehe 28 Desemba 1962. ONU iliingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963 na Kolwezi tarehe 21 Januari, na kujitenga kukaisha.

Kilichofuata kilikuwa cha makaratasi, lakini ndicho kilichobadilisha mafunzo. Februari 1965 Umoja wa Mataifa ulikubali kuilipa Ubelgiji dola milioni 1.5 kwa madhara yaliyowapata raia wake nchini Kongo. Mikataba kama hiyo ilifuata na Uswisi, Ugiriki, Luxemburg na Italia. Kwa mikataba hiyo shirika la walinda amani lilikiri kwa fedha kwamba makombora yake yana hesabu ya kisheria. Ilichukua miaka mingine 34 kuliandika jambo hilo kama amri: tarehe 6 Agosti 1999 Kofi Annan alitoa waraka unaowataka askari wa Umoja wa Mataifa kufuata sheria za vita, kutofautisha raia na wapiganaji, na kuchukua tahadhari zote kabla ya kushambulia. Tangu hapo mpiga mota anayetumwa na ONU anapaswa kujibu swali la sheria pamoja na lile la masafa.

Katika majeshi yenye utaratibu, kupima kikosi cha mota kuna ngazi zinazofanana karibu kila mahali. Kwanza ni mazoezi makavu, bila kombora. Kikosi kinafunga na kufungua silaha huku mkufunzi akitazama saa, na kila mmoja anataja kazi yake na ya mwenzake, kwa sababu mtu akijeruhiwa mwingine lazima ashike nafasi yake. Kisha darasa: mkokotoaji anapewa namba za shabaha kwenye ramani na lazima jibu lake lilingane na la mkaguzi anayepiga hesabu peke yake. Hesabu mbili zisipolingana, hakuna kombora linaloondoka.

Ngazi ya tatu ni ya hatari. Mkaguzi anauliza kuhusu tawi la mti au waya wa umeme juu ya mtutu, kwa kuwa kombora likigusa kitu hapo linaweza kulipuka juu ya vichwa vya wapigaji. Anahesabu pakiti za baruti moja moja. Anataka kuona kikosi kikishughulikia kombora lililogoma kufyatuka: kungoja muda uliowekwa, kisha kuinamisha mtutu polepole na kulipokea kombora kwa mikono miwili, kila mmoja akiwa mahali pake na bila mtu kupita mbele ya mdomo. Ndipo makombora ya kweli yanaruhusiwa, na hata hapo afisa wa usalama anasimama kando na mamlaka ya kusimamisha zoezi. Katika uwanja wa shabaha, kuruta wa mwisho kwa cheo ana haki ya kupaza sauti ya kusitisha, na sauti hiyo inatiiwa kwanza, maswali baadaye.

Ukali huo una sababu. Tarehe 18 Machi 2013, katika zoezi la usiku huko Hawthorne, Nevada, askari 7 wa Marines wa Marekani walikufa baada ya makombora mawili kuingizwa katika mtutu mmoja wa milimita 60. Uchunguzi ulisema ni kosa la binadamu, na kwamba kikosi hakikuwa kimeandaliwa vya kutosha kwa zoezi lile. Jeshi tajiri kuliko yote duniani lilikumbushwa kitu ambacho kila mkufunzi wa mota anakijua: kelele na giza vinaweza kuficha kwamba kombora la kwanza halijatoka, na mtu pekee wa kuligundua ni yule aliyepewa kazi ya kulitazama likitoka.

Usalama huo hauishii uwanjani. Makombora yanayongoja ghalani yanataka mafunzo yake. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la jeshi lililipuka Mbagala, Dar es Salaam, na makombora yakatua kwenye nyumba za watu. Machi 2012 ghala la Mpila, Brazzaville, liliua zaidi ya watu 200. Januari 2014 radi ilipiga ghala la silaha Mbuji-Mayi na kuua watu zaidi ya 20. Mashariki na kusini mwa Kongo, ambako radi za msimu wa mvua ni jambo la kila wiki, mtunza ghala ni sehemu ya kikosi cha mota sawasawa na mwangalizi.

Mota zilirudi kuzungumziwa kwa Kiswahili mwaka 2013. Machi mwaka huo Baraza la Usalama lilianzisha Brigedi ya Kuingilia Kati, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ili kupambana na waasi wa M23 Kivu Kaskazini. Mwishoni mwa Agosti mapigano yalipamba moto katika vilima vya Kibati, makombora yakaanguka ndani ya Goma na hata ng'ambo ya mpaka, raia wakafa, na kila upande ukamtupia mwenzake lawama. Tarehe 28 Agosti afisa wa Tanzania aliuawa na kombora. Picha ilifanana sana na ile ya Elisabethville: mji wenye watu wengi, na swali la nani aliyepiga. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na waraka wa mwaka 1999, na askari wengi wa brigedi waliweza kuzungumza na wenyeji kwa lugha moja, jambo ambalo Mgurkha au Mswidi wa mwaka 1961 hakuwa nalo.

Kumbukumbu za Desemba ile zimehifadhiwa kwa mafungu yasiyolingana. Waayalandi wa Jadotville walitengenezewa filamu mwaka 2016, na serikali yao ikawapa nishani. India inamwadhimisha Salaria. Madaktari 46 waliacha kijitabu chao. Wakongomani wa Elisabethville hawakuwamo katika mikataba ya fidia, kwa kuwa kila mkataba ulihusu raia wa nchi iliyoutia saini. Historia yao imebaki zaidi vinywani, na katika kazi chache kama za mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora zaidi ya picha 100 za historia ya nchi, ikiwemo miaka ya kujitenga kwa Katanga, na kuzieleza kwa Kiswahili cha Katanga.

Mtoto wa mitaa ya Lubumbashi kama Kenya, Katuba au Kamalondo aliyekuwa na miaka 10 wakati huo sasa amepita miaka 70. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, unaowashirikisha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, umekuwa ukikusanya kumbukumbu za wakazi. Ushuhuda wa makombora ya Desemba 1961 unastahili fungu lake humo: lilianguka wapi, saa ngapi, lilitokea upande gani, nani aliumia. Na ukishakusanywa, usiishie maktaba. FARDC, jeshi la Kongo, wana wakufunzi wa mota, na Tanzania, Kenya na Uganda wanao pia. Wauweke ushuhuda huo katika somo la mwangalizi, pamoja na ramani ya mji huu, kabla hajapewa kombora la kwanza la kweli.